Kumi wa Kumwombea Baba yake Mzee Morris

Jumapili, 14 Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kuingia mifupani. Niliondoka Edmonton, huku kaskazini ya London, kumsindikiza jirani yangu, Mzee Morris, Myahudi mwenye miguu mibovu. Baba yake alikuwa mlinzi wa sinagogi moja huko mashariki ya London. Wakati wa vita bomu lililoliangusha lilimkuta humo, akizima moto. Mzee alitaka kumwombea palepale, walau mara moja, kabla miguu haijakataa kabisa.

Kwenye treni alinisimulia taa za shaba za sinagogi hilo, na roshani walikokaa wanawake. "Ulibaki ukuta mmoja. Baadaye nao wakauvunja."

Tulishuka Liverpool Street, tukaenda polepole. Mimi nilidhani nitaona gofu kama yale ya kwetu Unguja. Kumbe ni ofisi, vioo vitupu. Wazee wenzake watano walikuwa wakingoja chini ya miavuli.

"Tuko sita," akasema Mzee Morris, uso umemshuka. "Sala hii haisomwi bila wanaume kumi."

Kwetu jeneza likikosa watu, unaita wapita njia. Basi nikaingia mgahawa wa jirani, nikarudi na Wabengali wanne. Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

"Morris, jirani yako katuletea Waislamu!"

"Kumi wa Kiyahudi, rafiki yangu," Mzee akanieleza kwa upole.

Niliona haya. Elimu yangu ndogo, na sikuuliza. Lakini Mbengali mmoja, fundi cherehani, akadakia: "Si ungesema! Bosi wangu Myahudi, yuko sokoni hapo na ndugu zake." Akatoka mbio.

Wakaja wanne, mmoja na tepu ya kupimia shingoni. Mzee akasoma, sauti ikimkatika. Nilishika neno moja tu, amina, nasi tukaitikia. Sitasema tuligeuka ndugu. Bosi na fundi waliondoka wakigombana juu ya suruali za watu.

Kurudi, Mzee alinishika mkono njia nzima. Nimejifunza kuuliza kwanza. Ila ningeuliza, pengine nisingekwenda kuita mtu. Sijui. Namshukuru Mungu na yule fundi, ambaye hata jina sikumwuliza.

Mke wangu Zuhura alimkaribisha Mzee kwetu. "Nyama leo haipikwi," aliniambia jikoni, "mgeni asije akauliza imechinjwa na nani, tukakosa jibu." Tukala wali wa nazi, maharage na mchicha, na Mzee akaongezewa mara mbili.