Faili Lisilotaja Wodi

Tulimwita Mama Hakiki, maana hata chai aliikagua kabla ya kuinywa. Nilikaa naye meza moja miaka tisa tukitengeneza programu za hospitali, na mkaidi kama yule sijamwona.

Programu ya kengele za wodini ilikuwa kazi yake. Aliipanga ijisomee yenyewe kila faili la mipangilio litakalowekwa kwenye folda moja. Tukabishana juu ya jambo dogo: faili lisilotaja wodi lichukuliweje? Mimi nikasema lipuuzwe. Yeye akasema litumike wodi zote, watu wasihangaike kuandika. Nikachoka kubishana, nikamwachia. Hadi leo najilaumu.

Siku moja, akijaribu mambo yake, akaandika faili la mstari mmoja: kengele zizimwe. Wodi hakuitaja. Akalisahau kwenye ile folda, likaenda hospitali pamoja na mengine. Mchana wa kwanza tu mgonjwa mmoja akazidiwa. Mashine iliona, kengele ikanyamaza. Alikuwa peke yake, wauguzi wako chumba cha pili; walipofika, alikwisha kufa.

Ripoti ikasema hitilafu ya umeme. Kesho yake Mama Hakiki akalikuta lile faili, akaniita nilione. Akaibadili kanuni siku hiyohiyo: faili lisilotaja wodi lisitumike popote. Lakini wapi! Tangu hapo akawa anainua kichwa katikati ya kazi na kuniuliza kama nimesikia kengele. Ofisini kwetu hakuna kengele. Mwanzoni nilimtania. Baadaye niliogopa, maana na mimi nilianza kutega sikio.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo akaniambia amechoka, anakwenda kwa mjane wa yule mgonjwa akaseme ukweli, na kazi ikiisha basi iishe. Nikamfuata.

Mjane alitukaribisha vizuri, akatuwekea viti karibu na dirisha. Mama Hakiki alieleza yote bila kujitetea, hata jina la faili alilitaja. Mimi nilitazama sakafu muda wote, mwoga mkubwa.

Mjane akauliza, "Kwa hiyo haikulia?"

"Haikulia, dada yangu."

"Nilikuwa nimetoka kumnunulia maji," akasema. "Nilimwacha kwa sababu kengele ipo. Miaka miwili yote naisikia ikilia, inaniita, na mimi nimesimama kwenye foleni."

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Na ninyi mlijua."