Njia ya Kupitishia Maiti

Asubuhi ile nilitoka mtaa wa Hai Amarat, Juba, na begi moja, sijui naelekea wapi. Mwenye nyumba alikuwa amekuja na ndugu zake waliokuwa wakigombania kiwanja, wakatuamuru wapangaji tuhame siku hiyo hiyo. Nilitaka pa kulala kabla ya giza, basi. Katika mji huu, mgeni asiye na mlango huulizwa maswali mengi.

Njia nzima nilimkumbuka mtunza stoo wa hoteli niliyowahi kufanyia kazi, Mhindi wa Kitamil aliyekuwa hatoki kwenye riwaya za kwao. Mimi niliacha shule darasa la sita. Nilimsumbua mpaka akawa ananisimulia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Katika riwaya moja, watu wa mtaa wa pembeni, wa tabaka linalodharauliwa, wamefiwa na mama yao, lakini njia ya kwenda makaburini inakatiza mashamba ya wenye kijiji, nao wamekataa maiti isipite. Kitabu kizima, maiti moja na shamba la mpunga.

"Si wazunguke?" nilimuuliza.

"Wazunguke wapi, bwana? Kwetu ukitaja kijiji na mtaa wako, watu wanajua upite wapi na usipite wapi. Mwandishi akiacha habari za udongo, atakuwa na watu gani wa kuandika?"

Mtaani Jebel, mwenye vyumba vya kupangisha aliniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Gulu, nikidhani jina la mji linatosha.

"Gulu kijiji gani?"

Nikarudia Gulu tu. Akafunga geti.

Saa kumi bodaboda iliniacha Rejaf, nje ya mji. Mama mmoja muuza samaki alikuwa na chumba cha udongo cha kupangisha. Kabila hakuuliza.

"Wewe ikikufa hapa, sisi napeleka wewe wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinionyesha kaburi la mumewe kando ya mlango.

"Hii ndiyo karatasi yangu ya kiwanja. Mtu ya nje akizikwa hapa, kesho ndugu yake nasema udongo ni yake."

Kijiji chetu sikuwa nimekitamka tangu nigombane na baba zangu wadogo juu ya shamba. Nikakitaja, na kivuko chake, na kaburi la baba.

"Watakupokea?"

"Sijui, mama. Lakini ni huko."

Alinipa kipande cha mkaa. "Andika kwa ukuta."

Ukutani juu ya kitanda kulikuwa na majina ya vijiji viwili vya wapangaji walionitangulia. Nikaandika la tatu, naye akaniachia ufunguo.