Saa Nyepesi Mkononi mwa Baba

Mume wangu Mayunga hupima kila kitu kwa kukinyanyua. Mkate, godoro, tikiti maji, hata jirani akijifungua ataomba ampakate mtoto kwanza ndipo aseme kama amezaliwa vizuri. Ni kazi iliyomzoesha. Anachomelea mageti na madirisha hapa Somanda, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, na kwa fundi wa vyuma uzito ndio ukweli wenyewe. Bomba jepesi ni bomba jembamba, na bomba jembamba ni wizi. Mfukoni ana sumaku aliyoing'oa kwenye spika iliyokufa, na kitu chochote cha rangi ya chuma ambacho sumaku haikishiki hukiita sufuria.

Mimi ni mke wake, Nyamizi. Mageti yake ninayapaka rangi mimi, kwa hiyo nikisema ni fundi mzuri sisemi kwa mapenzi. Nimepitisha brashi kwenye kila ungio lake, najua lilivyo laini. Ila ana wivu. Ana wivu mpaka unamwonea huruma, halafu unakasirika kwa nini umemwonea huruma. Bodaboda akinisalimia kwa kucheka, jioni nzima nitaulizwa yule ni nani. Fundi mwenzake akipewa kazi ya geti la kanisa, chakula hakimpiti kooni. Lakini hakuna aliyemtesa kama Januarius, mume wa mdogo wangu Gloria.

Januarius naye anachomelea, ila yeye ni chini ya maji. Yuko Mwanza. Anavaa nguo za mpira, anabeba mtungi wa hewa mgongoni, anazama ziwani kukagua matumbo ya meli, na panapotaka kuzibwa anapaziba hukohuko. Siku Mayunga alipoambiwa habari hiyo mara ya kwanza alicheka hadi akashika mbavu.

"Moto ndani ya maji? Mwanyumba, hizo kawadanganye samaki."

Januarius akamwonyesha video kwenye simu. Mayunga aliitazama mpaka mwisho, akaomba irudiwe, na tangu hapo neno mwanyumba, ambalo wanaume waliooa nyumba moja huitana kwa utani, lilimtoka kwa shida.

Nami sijitoi. Gloria ana jiko la gesi, na kucha zake hazijui rangi ya geti. Nikimwona anavyoshika kikombe kwa vidole vile, moyo unanichoma. Tofauti yangu na Mayunga ni kwamba mimi wivu huniunguza ndani kwa ndani, watu wasijue.

Kitu kilichomtuliza Mayunga miaka yote hiyo kilikuwa saa. Tulipooana alimpelekea baba yangu, Mzee Masunga wa Ipililo, saa ya mkono ya rangi ya dhahabu, yenye mkanda wa chuma unaolia ukitikiswa. Aliichagua kwa kuzinyanyua moja moja zote zilizokuwa mezani kwa muuzaji, akachukua iliyozidi uzito. Baba aliivaa palepale. Kanisani, msibani, mnadani, ile saa ilikuwa mkononi. Kila tulipofika Ipililo, macho ya Mayunga yalikwenda kwenye mkono wa baba kabla hayajakwenda usoni. Akishaiona, anaegemea kiti na kuanza kuuliza habari za pamba.

Mwaka huu, pamba ilipokwisha kuuzwa, tulikwenda kusalimia. Mayunga akapiga magoti kidogo, akanyoosha mkono, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Ng'wangaluka, baba."

Mkononi mwa baba palikuwa na saa nyingine. Ya kijivu, kijivu kisichong'aa, na juu yake ina pete yenye namba.

"Kaileta Januarius," baba akasema, amefurahi kama mtu aliyepata miwani inayomfaa. "Ni ya wazamiaji. Tazama hii pete. Ng'ombe wakitoka kwenda kunywa maji naizungusha hapa, baadaye najua wamekaa huko muda gani. Ishike, ishike uione."

Akaivua, akaushusha mkono wa shati, na Mayunga akaipokea. Mkono wake ulipanda juu wenyewe, maana ulikuwa umejiandaa kubeba kitu kizito. Nilimwona akinitazama. Akaigeuza, akatoa sumaku kwa siri, akaigusisha mkanda, sumaku ikateleza. Akaizungusha ile pete mbele, ikalia tiki tiki tiki. Akajaribu kuirudisha nyuma, ikagoma.

"Imekwama, baba."

"Haijakwama. Januarius alinieleza. Inakwenda upande mmoja tu. Mzamiaji akijigonga, pete ikisogea, imwambie hewa imebaki kidogo kuliko ilivyo, isimdanganye kwamba bado ipo nyingi. Wamewaza, hao walioitengeneza."

Mayunga akafanya kitu anachofanya anapokagua kazi ya fundi mwingine: akapitisha ukucha kwenye maungio ya mkanda, pingili moja baada ya nyingine, akitafuta makali, akitafuta mahali palipoachwa bila kupigwa msasa. Akarudia upande wa ndani, ambako mafundi wengi huacha uchafu kwa kuwa hakuna anayepatazama. Ukucha haukunasa popote. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiumia vile kwa sababu ya kitu kilichotengenezwa vizuri. Akamrudishia baba saa yake, akasema inapendeza.

Njiani kurudi ndipo alipomwaga yote. Ni alumini! Ni sufuria iliyopakwa rangi ya chuma! Kamletea mzee mwanasesere! Na ile ya kwangu iko wapi? Nani kaivua? Nilikuwa nyuma yake kwenye pikipiki, kila neno likinijia na upepo.

Kilichokuwa kinamla zaidi nilikijua, na hakikuwa saa peke yake. Mdogo wetu wa mwisho, Precious, alikuwa ameposwa, na ng'ombe wa mahari walikuwa waje karibuni. Nyumbani kwetu, siku ng'ombe wanapofika, mkwe mmoja husimama mlangoni pa zizi. Yeye ndiye anayemtazama kila ng'ombe, mwenye afya apite, aliyekonda arudishwe, na wageni wote wanamsikiliza. Mayunga aliamini nafasi hiyo ni yake kwa kuwa alioa wa kwanza. Sasa alikuwa na hakika kwamba mkono uliobadilisha saa utabadilisha na mkwe.

Akatengeneza geti la zizi, hakuna aliyemwomba. Alichagua bomba nene kuliko zote alizokuwa nazo, akaunga na kusaga mpaka nikasema sasa utalimaliza. Nikalipaka rangi nyekundu. Siku moja kabla ya ng'ombe kufika tukalipeleka Ipililo kwenye gari la kukodi, sisi tukifuata kwa pikipiki, watu wakalishusha wakiguna, na kila aliyeguna alimpa Mayunga furaha.

Januarius na Gloria walikuwa wamekwisha kufika. Mayunga akachomeka waya wa grenda, akawa anasaga bawaba za geti, cheche za njano zikimrukia miguuni. Baba akasogea kutazama. Akanyoosha mkono kuligusa geti, na ile saa ikagonga bomba, ikatoa kasauti kadogo. Mayunga akazima grenda.

"Baba, nisamehe. Mimi vyuma ndiyo shule yangu. Hicho ulichovaa si chuma. Umedanganywa."

Uwanja mzima ukasikia. Mama, aliyekuwa akipepeta mchele upande wa jikoni, akasimamisha ungo.

"Ni titani, mwanyumba," Januarius akasema taratibu. "Nyepesi kuliko chuma, na haishiki kutu. Hata kwenye maji ya chumvi—"

"Titani! Haya, jina zuri. Alumini ukiigusisha grenda haitoi cheche hata moja. Chuma kinatoa. Tuijaribu hapahapa, watu waone."

"Tuiache, mwanyumba. Nakuomba. Usimvue mzee."

Hapo Mayunga akacheka. Kwake lile ombi lilikuwa ushahidi tosha. Hata mimi nilifikiri hivyo, na sitaficha kwamba nilimtazama Gloria na kucha zake nikaona raha.

Baba alitutazama mmoja mmoja. "Akitaka kujaribu, ajaribu," akasema. Akaifungua, akampa Mayunga, upesi akaushusha mkono wa shati.

Mayunga akawasha grenda. Akachagua kibanio cha mkanda, sehemu isiyoonekana saa ikivaliwa, maana hata katika hasira ufundi haumtoki. Akaigusisha kidogo tu.

Cheche zilitoka nyeupe. Si njano kama za geti, si nyekundu. Nyeupe kabisa, zikapasuka hewani nyingine ndani ya nyingine, kuku wakakimbia. Mayunga akaondoa mkono kama aliyeungua. Maisha yake yote kwenye cheche, na hizo hakuwahi kuziona.

Grenda ilijizungusha mpaka ikasimama yenyewe. Hakuna aliyemcheka, na nadhani alitamani wamcheke.

"Si alumini," akasema. Akakitazama kibanio, pale alipokiachia alama. "Nimeichubua, baba."

"Alama ndogo tu," Januarius akasema. "Haitashika kutu."

Mayunga akamwendea baba kumvalisha. Ilikuwa heshima, ilikuwa kuomba radhi, hakuna ambaye angemzuia. Akaukunja mkono wa shati. Akabaki ameushika mkono ule bila kumvalisha kitu.

Kuzunguka kifundo chote palikuwa na kovu. Ngozi nyeusi, nene, iliyopasuka na kupona na kupasuka tena, na ndani ya kovu lile zilionekana pingili, zimepangana, pana, za mkanda wa chuma. Mayunga alizijua zile pingili. Alizinyanyua mwenyewe pale mezani kwa muuzaji.

"Baba, hii ni nini?"

"Jasho," baba akasema. "Jasho la kulima pamba."

"Nyamizi!" Ilikuwa sauti ya mama. Mama hajawahi kumsemesha Mayunga uso kwa uso tangu niposwe; kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, akitaka kumwambia neno hunipitishia mimi hata kama yeye amesimama palepale. Akageuka akalipa geti mgongo. "Nyamizi, mwambie mumeo si jasho. Mwambie ile dhahabu ilibanduka mapema, na kilichokuwa chini yake kikawa kinamla baba yako mkono. Nilimshonea kitambaa cha kuweka katikati. Nikamwambia vua, akakataa. Akasema mkwe wangu huangalia mkono huu kabla hajaniangalia usoni, nikiivua atasemaje."

"Mama Nyamizi, yatosha," baba akasema.

"Haitoshi. Mwambie na hili. Siku ya kuogesha ng'ombe dawa ilimwingia kwenye kidonda, akalia kama mtoto. Januarius alikuwepo, akaona. Akavua saa yake mwenyewe, ya kazini kwake, akamvalisha, akasema hii haigombani na ngozi. Baba yako akamwapisha asimwambie mtu, Mayunga asije akaumia."

Nikamtazama Gloria. Mdomo ulikuwa wazi kama wangu. Hata mkewe hakuwa amemwambia.

Baba akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa kitambaa cha kitenge, akakikunjua. Saa ya Mayunga ilikuwemo, imebaki na dhahabu kidogo pembeni, inatembea.

"Hii sijaiacha," akamwambia. "Imehama tu. Wewe ndiye uliyenivalisha saa ya kwanza maishani mwangu. Kesho simama kwenye geti lako, unihesabie ng'ombe."

Ng'ombe walipofika, Mayunga akasimama getini. Nisimpunje, alisimama vizuri: alirudisha madume mawili yaliyokonda na jike moja lenye jicho bovu, na wajomba wa bwana harusi walibishana naye wakashindwa. Geti lilifunguka na kufungwa bila kelele. Januarius alikuwa nyuma kabisa, akiwaswaga ng'ombe kwa fimbo kama mvulana wa kuchunga, amejaa vumbi, mkononi hana kitu. Pale ambapo saa ilikaa kwa miaka palikuwa na alama nyeupe ya ngozi isiyoona jua. Mayunga alipata alichokitaka, na kila baada ya ng'ombe wachache nilimwona akiitazama alama ile.

Tulirudi Somanda kesho yake, grenda imefungwa kati yetu. Tulipokaribia mjini akasimamisha pikipiki pembeni, akazima, hakushuka.

"Alijua muda wote huo," akasema.

"Alijua."

"Nilipomwita mwongo mbele ya watu, alikuwa anajua."

"Ndiyo."

Akaushika usukani, akauachia. "Angenitukana tu, Nyamizi. Angesema, mbona ya kwako imemtoboa mzee. Neno moja lingenimaliza." Pikipiki nyingine zikatupita, dereva mmoja akatupigia honi kutusalimia, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza ni nani. "Ingekuwa mimi, ningesema."

Nikatazama kucha zangu, zenye rangi nyekundu ya geti.

"Hata mimi," nikamwambia.