Moduli Iliyofuta Nyuso

Jumatatu nilipigiwa simu kwamba mwanamke niliyewahi kufanya kazi naye ameaga dunia kwao Mbooni baada ya kuugua kwa muda mfupi, na tangu hapo sijatulia. Hatukuwa marafiki wa karibu. Tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja tu, yeye akiandika draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa, mimi nikiandika vijitabu vya maelezo. Kampuni ilitaka kuuza printa ndogo za picha kwenye studio za sokoni, na yeye ndiye aliyepaswa kuchagua moduli ya rangi, ile sehemu ya draiva inayogeuza rangi za kwenye kioo cha kompyuta kuwa wino wa karatasini. Zilikuwepo mbili. Ya kwanza ilikuwa tayari na ya haraka. Ya pili ingehitaji wiki kadhaa zaidi. Mkubwa wetu aliitaka ya kwanza, nami nikamuunga mkono. "Dada, rangi ni rangi," nilimwambia. "Malizana na hii kitu."

Alibeba printa hadi studio moja katika soko la Kwa Vonza, nikamfuata. Mama mmoja alikuwa amekuja kuchapisha picha ya marehemu mumewe. Ilipotoka kwa moduli ya kwanza, aliielekeza kwenye mwanga wa dirisha. "Sasa huyu macho yake iko wapi?" Kweli, vivuli vyote vilikuwa vimemezana, uso umekuwa doa moja jeusi. Mwenzangu akaweka moduli ya pili, tukasubiri. Yule mama alipoipokea picha hakuzungumzia rangi. "Eee, ni yeye," alisema, akaketi.

Mkutanoni mwenzangu alieleza alichokiona. "Kwa nyuso nyeupe zote mbili ni sawa," alisema. "Zetu, hii ya kwanza inazifuta." Mkubwa akajibu kwamba wateja wanataka haraka. Mwenzangu alipokataa kuipitisha moduli ya kwanza, aliondolewa kwenye mradi, akarudi Mbooni. Mimi niliyekuwepo Kwa Vonza nilitazama daftari langu tu. Malalamiko yalipozidi, kampuni iliichukua moduli ya pili kimyakimya. Hakuna aliyempigia simu, hata mimi.

Siku hizi mashine zinaamua mengi kutuhusu, na nyingi hutengenezwa na watu wasiotujua. Lakini mle mkutanoni tulikuwa sisi wenyewe, wenye nyuso hizo hizo, na niliujua ukweli. Msomaji wangu, ukiwa umeona kwa macho yako, sema mwenzako akiwa bado amesimama pale mbele. Kumsifu leo, kama nifanyavyo, hakumsaidii chochote.