Jina la Pili Kwenye Fomu ya Shamba

Walipokuja kupima mashamba hapa Kisaka miguu yangu ilikuwa imevimba, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda na kazi yote akaifanya mkamwana wangu. Alifyeka vichaka, akawaonyesha vijana wa kipimo mpaka wa zamani ulipopita, akachimba mashimo ya kupanda mkonge kwenye kila kona. Mtu asiyetufahamu angedhani ni mke wa mwanangu. Sina mtoto wa kiume. Ni mke wangu mimi.

Asiyejua mila yetu asishangae. Kwetu Wakurya, mwanamke aliyezaa mabinti watupu anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, amzalie watoto wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Mwanaume wa kuzaa naye anamchagua mwenyewe, ila watoto ni wa nyumba yangu, na yeye ananiita mama. Hayo mengine mnayoyawaza huko mjini hayapo. Ni shamba na watoto, basi.

Walionifanya nioe ni shemeji zangu. Mzee wangu alipofariki, hata matanga hayajaisha, wakaniambia, "Shemeji, wewe huna kijana. Shamba ni la ukoo, wewe unalilima tu." Unalilima tu! Nililianza lile shamba likiwa pori la miiba. Basi binti yangu wa pili alipoolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, ng'ombe wa mahari yake sikuwagusa. Nikaenda nao Turwa nikamwoa huyu, mwanamke mtu mzima aliyeachana na mume kwa kuchoka kupigwa. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, bora nyumba ya mwanamke. Wewe utanigombeza, lakini ngumi huna." Nikacheka. Akanizalia binti. Akazaa binti tena. Wa tatu, binti. Mkunga aliogopa hata kunitazama usoni.

Kabla ya kupima palikuwa na mkutano. Mama mmoja kutoka wilayani akatueleza kwamba siku hizi mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanaume. Mimi ambaye shule niliishia darasa la pili nilisimama, nikawaambia wanaume wa Kisaka mbele ya macho yao kwamba anayelima ndiye mwenye shamba. Wanawake wakapiga vigelegele. Shemeji yangu mkubwa akawa anatazama viatu vyake. Siku ile nilirudi nyumbani najiona mtu.

Sasa siku ya kupima, mtendaji wa kijiji akaweka fomu juu ya goti.

"Bibi, wamiliki niandike nani?"

"Mimi."

"Peke yako? Nafasi zipo, hata watatu wanaingia."

"Kwani kuna nani mwingine?"

Mkamwana alikuwa hatua nne kutoka pale, ameshika mche wa mkonge. Aliuweka shimoni, akashindilia udongo kwa kisigino, akasema anakwenda kupika. Vijana wa kipimo walikula ugali wa ulezi wakashukuru. Mimi alinitengea sahani yangu, akarudi jikoni.

Sitasema nilisahau. Nilimwogopa. Nilifikiri nikimwandika, nikifa ataleta mwanaume, na huyo mwanaume atakalia kigoda changu. Nikajiambia pia kwamba kwa mila wanaoandikwa ni watoto wa kiume, naye hakuzaa hata mmoja. Nilijiambia mengi.

Palizi ikafika. Akapalilia mistari mpaka katikati ya shamba, akaliacha jembe limelala hapo hapo. Nikamfuata na fimbo yangu ya kutembelea.

"Huko mbele vipi?"

"Huko mbele ni kwako, mama."

"Unanigomea?"

"Sigomi. Mimi ninalilima tu."

Maneno yale ya shemeji zangu nilimsimulia mwenyewe, jioni nyingi, tukipukuchua mahindi. Kesho yake akafunga nguo, akambeba mtoto mdogo mgongoni, akaenda kwao Turwa. Wale wakubwa wawili aliwaacha kwa sababu ya shule, hapo ndipo nilipojua hajaondoka moja kwa moja. Lakini kurudi kwake sikukuona, na mahindi hayamsubiri mtu. Mimi kwa miguu hii nilipalilia mstari mmoja na nusu, nikalala siku mbili.

Shemeji yangu akapita na ng'ombe wake, akasimama kwenye mpaka kusudi.

"Mume gani wewe, unakimbiwa na mke! Ungemchapa siku moja akashika adabu."

"Pita na ng'ombe wako."

"Si ulituambia anayelima ndiye mwenye shamba? Naona sasa mwenye shamba ni magugu."

Akaenda zake anacheka. Sikumchukia kwa kucheka. Nilichoka tu, maana alikuwa amesema kweli.

Nikampigia simu binti yangu wa ng'ambo, nikitaka anionee huruma.

"Aki mathe, mwandike huyo mama wa watu," akasema kwa Kiswahili chake cha Kenya. "Amekulisha, amekuogesha ukiwa mgonjwa. Mwandike."

"Basi nimekusikia."

"Lakini na mimi nikuulize. Ng'ombe waliomleta si ni wangu? Jina langu liko wapi? Huku kwa mume wangu sijaandikwa. Huko kwenu nako sijaandikwa. Mimi niko wapi sasa?"

Nikamwambia salio linaisha. Halikuwa linaisha.

Nilitoka asubuhi na mapema kwenda ofisi ya kijiji, nikipumzika kila penye kivuli. Mtendaji akaniambia fomu zinakwenda wilayani kesho kutwa.

"Ndiyo maana nimekuja leo. Ongeza jina."

"Shemeji zako wanajua, bibi?"

"Shemeji zangu hawapalilii."

Akaandika jina la mkamwana chini ya langu, nikatia sahihi yangu ile inayopanda mlima. Akauliza kama kuna mwingine. Jina la binti yangu lilikuwa kwenye ulimi. Nikakumbuka ukoo, nikakumbuka vikao vyao vinavyokula kutwa nzima, watu wakinifokea kwamba nawapa ardhi watu wa Kenya. Nikasema, "Andika hao wawili kwanza." Hilo neno kwanza nimelibeba mpaka leo. Binti yangu bado ananipigia Jumapili. Ananiuliza habari za miguu, za shamba haulizi tena. Mtu akimaliza kumtendea haki mmoja, anamkuta mwingine amekaa mlangoni, na jua limeshazama.

Nikamtumia mkamwana ujumbe, binti yake mkubwa aliniandikia: Umeandikwa. Magugu yamefika magotini. Alirudi siku ya tatu. Hakuniambia asante, na mimi sikuisubiri. Nikampa nakala ya fomu niliyopewa na mtendaji. Aliisoma amesimama, kidole kinafuata mistari, akaikunja, akaiweka kwenye begi lake badala ya sanduku langu. Kisha akauliza jembe liko wapi.

Asubuhi yake alikuwa shambani tangu umande haujakauka. Mimi nilikaa mlangoni nachambua mboga. Mbuzi wangu wawili wakakata kamba, wakashuka moja kwa moja kwenye mahindi. Nikasikia sauti yake kutoka huko chini:

"Mama! Funga mbuzi wako! Wanaingia shambani kwangu!"

Miaka yote alikuwa akisema shambani kwako. Nilisimama, ungo ukamwaga mboga, nikafungua kinywa nimwonyeshe mimi ni nani katika nyumba hii. Halafu nikakumbuka fomu ilivyoandikwa, na nani aliyekwenda kuiandikisha kwa miguu yake mwenyewe.

Nikachukua kamba, nikaenda kufunga mbuzi.