Gari Lisilotoa Moshi

Mkaguzi aliposema kwa mara ya pili kwamba pikapu yangu inatoa moshi kupita kiasi, nilitamani kuipiga teke. Mara ya kwanza nilibadilisha chujio la hewa, nikasafishiwa nozeli, nikaamini yamekwisha. Na mama mkwe wangu, aliyepasuliwa nyonga, alikuwa amesharuhusiwa hospitalini. Ilibidi nimrudishe kwake milimani, na bila cheti cha ukaguzi nisingethubutu kuingia barabarani.

Fundi wangu wa Mafiga akafungua boneti tena, akainamia pampu ya dizeli, akacheka.

"Nani kaichezea hii? Skrubu imefunguliwa mpaka mwisho. Inamwaga dizeli ambayo injini haiwezi kuiunguza."

Nikamgeukia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ndiye dereva.

"Shemeji, kule kwetu wote tunafungua," akasema bila haya. "Na mzigo wa kabichi, haipandi hivihivi."

Nilimfokea mpaka gereji nzima ikaacha kazi. Yaani nahangaika na nozeli, kumbe mchawi nalala naye nyumba moja! Nikamnyang'anya bisibisi yake, nikamwachia fundi. Fundi akakaza skrubu, akanionya kuwa injini imechoka, nguvu itapungua sana. Sikutaka kusikia. Nilitaka cheti, na siku hiyohiyo nikakipata.

Kesho yake tukaanza kupanda Uluguru, mama mkwe amekaa mbele na shemeji, mimi nyuma na matandiko. Kona ya kwanza gari likahema. Ya pili likazima. Nikashuka, nikashusha kila kitu, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Wapi!

"Ningekuwa na bisibisi," shemeji akasema taratibu. Upole wake uliniudhi kuliko tusi.

Wanaume waliokuwa mashambani wakaja na miti miwili na blanketi, wakatengeneza machela kama walivyozoea kufanya kabla hatujawa na gari. Wakambeba mama. Kila walipokanyaga jiwe, aliuma meno. Nilitembea pembeni nikilia kwa hasira, nikimlaani mkaguzi, shemeji, mlima na mimi mwenyewe.

Mama mkwe akanyoosha mkono, akanishika kanga.

"Usilie, mwanangu. Gari lako zuri siku hizi. Halinuki moshi hata kidogo."