Kesi ya Mzee Sungwa

Juzi nilifungua dumu la asali ya kutoka Usinge, ile nyeusi ya porini yenye vipande vya masega ndani, na kabla sijaonja nikasikia harufu ya kitabu. Msinicheke. Kitabu cha kwanza nilichokipenda maishani kilikuwa kinanuka nta, kwa sababu baba yake Modesta, rafiki yangu, alikuwa mrina asali na alikiweka sanduku moja na vifaa vyake vya kurinia. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilikwisha kuliwa na mchwa. Hatukujua kiliishaje, na nadhani ndiyo maana tulikigombania vile.

Kilimhusu msichana aitwaye Kalunde, katika nchi ya majoka yanayotema moto. Joka moja lilimuunguza kaka yake hadi akabaki majivu. Kesho yake asubuhi mwalimu wake, Mzee Sungwa, hakumwambia hata pole. Alimpa kibuyu kilichojaa maji pomoni, akamwamuru akibebe mikononi auzunguke mlima mara saba, na likidondoka chozi moja ndani ya maji, aanze upya.

Basi hapo ndipo kesi ilipoanzia. Tulikuwa wasichana sita wa darasa la tano, na mahakama yetu ilikuwa baraza la nyumba yetu, Tabora mjini. Modesta alimtetea mwalimu. Alisema joka lingerudi, na Kalunde angeachwa alale chini akilia, lingemkuta hapo hapo. Mimi nilisema yule mzee hana utu, tanga halijaisha anamtesa mtoto wa watu. Nilikuwa na mdomo jamani, siwafichi. Baba alikuwa akisema naweza kubishana na jiwe mpaka jiwe liombe radhi. Tulibishana wiki nzima, tukanuniana, siku moja Modesta akachukua kitabu chake akaondoka nacho, na kesho yake akakirudisha kwa sababu kubisha peke yake hakukunoga.

Aliyekuwa hasemi kitu ni Zuhura. Alikuwa binti wa shangazi yangu, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, na alikuwa ameletwa kwetu kwa treni kutoka Igalula baada ya kumzika mama yake. Alikaa nasi barazani, akasikiliza, akachezea uzi wa gauni lake. Tangu afike hatukuwahi kumwona akilia. Nyumbani kwetu kilio kilikuwa kimepigwa marufuku. Baba, ambaye marehemu alikuwa dada yake, alikuwa mkali wa dini, na alishasema kwamba kulia kwa sauti kunamtesa maiti kaburini. Watu wazima wakatii, wakawa wanatembea ndani kama wenye kubeba mayai.

Halafu kulikuwa na Bibi, mama yake Baba, mwenyeji wa Kwihara, aliyekuwa akiishi nasi. Kama bibi wote alikuwa akiniita mke mwenzangu, na kunisimanga kwamba nataka mume lakini ugali sijui kusonga. Baada ya msiba masimango yakakoma. Kila siku baada ya sala ya alasiri alimwita Zuhura nyuma ya jiko wakatwange mahindi. Kinu kimoja, michi miwili, wakipokezana, na sisi wengine tulikatazwa kusogea huko. Mashine ya kukoboa na kusaga ilikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, ya mjomba wake Modesta. Lakini hapana, Bibi alitaka kutwanga. Zuhura alirudi na pumba kwenye nywele, macho mekundu, viganja vina malengelenge.

Siku nilipoviona viganja vile ndipo niliposhtuka. Kumbe Mzee Sungwa tunaishi naye.

Nikampeleka Bibi mahakamani bila yeye kujua. Niliwaambia wenzangu kila kitu, tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, na hata Modesta, mtetezi wa walimu wote duniani, akanyoosha. Zuhura hakuwepo siku hiyo. Kesho yake, Bibi akiwa amelala mchana, mimi na Modesta tuliburuta mfuko wa mahindi hadi mashineni. Mjomba wake akatukobolea na kutusagia yote. Nilirudi na unga kichwani, mweupe hadi kope, najiona mimi ndiye niliyeliua joka.

Bibi alikuwa ameshaamka, amekaa kwenye kigoda pembeni ya kinu. Nikautua mfuko mbele yake.

"Bibi, leo hamtwangi tena," nikamwambia.

Aliutazama ule unga muda mrefu. Akasema ahsante. Halafu akaiweka mikono mapajani, akaigeuza, akaigeuza tena, kama hajui ni ya nani. Sikuwahi kumwona Bibi amekaa bila kushika kitu. Nilianza kuogopa.

Zuhura alinishika mkono akanivuta hadi nyuma ya choo.

"Nani alikutuma?" akaniuliza. "Unajua tunafanya nini pale? Tunalia. Tukitwanga kwa nguvu hakuna anayetusikia."

"Na Bibi pia?"

"Bibi ndiye anayeanza."

Aibu niliyoipata siku ile bado ninayo. Sikungoja hata kunawa unga usoni. Nilikwenda mbio kwa kina Modesta, nikamwomba mama yake beseni la mahindi yasiyokobolewa, nikalileta na kulimwaga kinuni. Kisha nikaenda kukaa mlango wa mbele. Jirani alipokuja kumuulizia Bibi nilimwamkia shikamoo, nikamwambia Bibi katoka. Na huko nyuma michi ilikuwa inapiga, pu, pu, pu, kwa nguvu ambayo mahindi yale hayakuihitaji.

Nilidhani nimeelewa. Nilielewa kwamba Bibi alikuwa mwema, kwamba alimtafutia mjukuu wake mahali pa kulilia, na kwamba yeye alilia ili kumsindikiza. Niliridhika na jibu hilo kwa miaka mingi. Kwangu mimi aliyefariki alikuwa mama yake Zuhura, basi. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, siku ya tatu hivi, namnyonyesha na kumhesabu vidole, ndipo iliponijia kwamba shangazi naye aliwahi kuwa mchanga hivi, mikononi mwa Bibi. Bibi alikuwa amemzika mwanawe, na mwanawe mwingine akamwambia asilie. Sisi mahakimu sita tulibishana wiki nzima, na hakuna aliyeuliza kama Mzee Sungwa naye alifiwa.

Bibi alikuwa ameshatutoka. Nikampigia simu Zuhura, nikamweleza huku nalia, kwamba kumbe pale kinuni mwenye msiba mkubwa alikuwa Bibi.



"Mimi nilijua siku ya kwanza," Zuhura akasema. "Kwani wewe ulifikiri nilikuwa natwanga kwa ajili yangu?"